Je, Mwenye Kubadilika ni Mhaini?



Katika lawama anazotupiwa mwenye dhamana, hapana inayochoma kama kuitwa kinyonga. Akiacha njia aliyoizoea na kushika nyingine, watu husema amegeuka. Akibaki palepale mpaka kazi ikamharibikia, watu walewale husema ana kichwa kigumu. Basi na afanye lipi? Swali hili linamhusu meneja wa shirika, linamhusu mwenye nyumba, na linamhusu pia yule aliyeacha dini ya wazazi wake baada ya kuchunguza. Kwa hiyo inafaa tulipime kwa utulivu, na mkoa wa Kagera unatupa vipimo vya kutosha.

Mfano wa meneja wa kahawa

Mwaka 1950 wakulima wa kahawa walipata chama chao kikuu cha ushirika mjini Bukoba, kilichoitwa Bukoba Native Co-operative Union. Kabla ya hapo na hata baadaye, mkulima mwenye dhiki alinaswa na butura, yaani kuuza kahawa yake ingali mtini, pengine ingali maua, kwa bei anayoitaka mwenye fedha. Mavuno yalipofika, jasho lilikuwa la mmoja na faida ya mwingine. Ushirika ulikuwa na lengo la kumpa mkulima mahali pa kupima na kuuza mazao yake kwa haki.

Katika miaka hiyo ya 1950 meneja mkuu wa chama hicho alikuwa kijana wa Karagwe, George Kahama, aliyezaliwa mwaka 1929. Tazama njia aliyopita baadaye. Mwaka 1959 aliingia serikalini kuwa waziri mwenye kushughulikia ustawi wa jamii na ushirika. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961 alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Aliyezoea hesabu za magunia sasa alishughulika na polisi. Kisha akapewa biashara na viwanda. Baadaye katika miaka ya 1960 aliongoza Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 likamkuta huko. Serikali ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, yeye alikuwa mkuu wa kwanza wa mamlaka ya kuujenga mji huo. Katika miaka ya 1980 alikuwa balozi nchini China. Mwaka 1990 alikabidhiwa kituo cha kuwavuta wawekezaji, na mwaka 2000 akawa Waziri wa Ushirika na Masoko. Yaani baada ya miaka zaidi ya arobaini alirudishiwa jambo lile lile aliloanza nalo Bukoba. Alifariki Machi 2017.

Huenda msomaji akasema: "Huyu ndiye kinyonga hasa! Mwaka 1967 anasimamia mashirika ya umma, mwaka 1990 anawakaribisha wenye mitaji ya binafsi." Jawabu ni kwamba sisi si mahakimu wa moyo wa mtu, na hatuandiki haya ili kumtakasa yeyote. Lakini hoja hiyo ina kasoro, kwa kuwa inadhani kwamba njia na lengo ni kitu kimoja. Kama lengo ni mkulima na mfanyakazi wapate haki ya jasho lao, basi shirika la umma ni njia, na mtaji wa binafsi ni njia. Njia hupimwa kwa matunda yake. Aonaye njia haifiki na bado akaing'ang'ania kwa kuwa aliisifu jana, huyo amekuwa mwaminifu kwa maneno yake, ilhali watu aliokabidhiwa amewasahau.

Hata ushirika wenyewe ulipitia mitihani hiyo. Vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, vikaruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982. Mapatano ya dunia yaliyokuwa yakishikilia bei ya kahawa yalivunjika mwaka 1989. Chama cha Kagera kikajiunda upya kwa jina la KCU (1990) na kutafuta wanunuzi wa biashara ya haki ng'ambo. Jina lilibadilika, sheria ilibadilika, soko lilibadilika. Mkulima wa Bukoba na Muleba mwenye gunia lake begani alibaki akingoja mzani usiomdhulumu.

Vipimo vitatu

Basi kubadilika kwema tutakutambuaje? Naona vipimo vitatu.

Kwanza, tazama amana. Je, kile ulichokabidhiwa kimelindwa zaidi, au umekitupa ili upate wepesi? Anayebadili utaratibu wa kupima kahawa ili mkulima asiibiwe amebadilika; anayebadili mzani wenyewe amehaini.

Pili, tazama uwazi. Mkweli husema mchana: "Jana nilifikiri hivi, leo nimeona vingine, na sababu zangu ni hizi." Mhaini hubadilika gizani, na asubuhi huapa kwamba ndivyo alivyokuwa siku zote.

Tatu, tazama nani anayelipa. Mabadiliko ambayo kila mara humpandisha cheo mwenye kubadilika, na gharama kumwangukia mwingine, yanatia shaka. Mabadiliko yanayomgharimu mwenyewe aghalabu ni ya kweli. Na gharama ya kwanza ni kiburi, kwani mkubwa anapoingia kazi mpya hana budi kuwa mwanafunzi tena, akiwauliza wadogo wake wanaojua kuliko yeye.

Ushahidi wa kibanja

Asidhani mtu kwamba haya ni ya wenye ofisi tu. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulipoingia Tanzania mwaka 2006, ulionekana kwanza wilayani Muleba. Kwa Mhaya kibanja si shamba tu. Ni urithi wa baba, mara nyingi na makaburi ya wazee yamo humo. Mgomba ulioachwa na babu unatoa usaha njano, ndizi zinaiva kabla ya wakati na kuoza ndani. Na dawa yake hakuna. Wataalamu wakasema: ng'oa shina lenye ugonjwa, kata ua dume kwa kijiti chenye panda wala si kwa panga, safisha panga kwa moto kabla ya kwenda mgomba wa pili.

Fikiri mwenye nyumba amesimama na panga mbele ya mgomba wa babu yake. Akiuacha kwa heshima ya babu, ugonjwa utamaliza kibanja kizima, na watoto watalala njaa. Akiung'oa, majirani watasema hana adabu kwa wazee. Ni nani hapa mwaminifu kwa babu? Hakika ni yule aliyeng'oa mgomba ili kibanja kibaki. Babu hakupanda ili shina liheshimiwe. Alipanda ili wajukuu wale.

Jambo linalokuhusu wewe

Kurani Tukufu inatueleza habari za Nabii Yusuf a.s. Alikuwa mtumwa katika nyumba ya mgeni, kisha mfungwa, kisha msimamizi wa hazina ya nchi. Mavazi yake yalibadilika, mabwana zake walibadilika, kazi zake zilibadilika. Amana yake haikubadilika. Ilimtia gerezani, na alipoitwa atoke hakukimbilia mlango. Alitaka kwanza jambo lake lichunguzwe waziwazi. Hapo vipimo vyote vitatu vimetimia: amana, uwazi, na kulipa gharama mwenyewe.

Nawe, ndugu uliyeikubali kweli, au ungali ukichunguza na unaogopa ndugu zako wa Bukoba au Muleba watakuita msaliti, jipime kwa vipimo hivi. Kama ulibadilika ili upate kazi, mke au fedha, basi lawama yao ina haki, na urudi kwa Mola wako kwa toba. Lakini kama ulimtafuta Mungu yule yule ambaye wazazi wako walikufundisha kumcha, ukasema sababu zako mchana, ukalipa wewe mwenyewe gharama yake, basi hujawasaliti. Walichokitaka kwako tangu utotoni ni useme kweli, nawe umeisema. Endelea kuwahudumia, uwape haki yao na zaidi ya haki yao, mpaka waone kwa macho kwamba mtoto wao hajapotea.

Mwenyezi Mungu atujalie mioyo isiyong'ang'ania kosa kwa kiburi, wala kuiacha kweli kwa tamaa. Amin.