Tunaogopa Dhambi au Tunaogopa Faini?



Tuliozoea kusafiri kwa basi hapa Tanzania tunaijua ile ishara. Gari linalotoka mbele linawasha taa, dereva wetu anashuka hadi 50, anampita trafiki mwenye tochi, kisha anakanyaga mafuta tena. Abiria tunacheka. Tunaona aliyewasha taa ni mtu mwema, kamsaidia mwenzake.

Mimi najiuliza, kamsaidia nani? Mtoto anayevuka pale aliposimama trafiki yuko salama. Je, yule wa kijiji kinachofuata?

Siku hizi mabasi ya mikoani yanafungwa kifaa cha VTS, kinachotuma taarifa za mwendo wa gari kwa mamlaka ya usafiri ardhini, LATRA. Hicho hakikwepwi kwa kuwashiana taa, wala hakipokei hela ya soda. Wapo wanaosema utii wa hivyo ni woga tu, hauna thamani mbele za Mungu.

Sikubaliani nao moja kwa moja. Kanisa linafundisha kwamba hata majuto yasiyo kamili, yanayotokana na hofu, ni zawadi ya Mungu na yanatuandaa kwa Sakramenti ya Kitubio. Halafu yule mtoto hawezi kusubiri dereva aongoke ndipo avuke barabara. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29. Yaani sisi na wadogo zetu.

Ila kifaa kinapima mwendo, hakipimi moyo. Na bodaboda zetu hazina hata hicho kifaa. Katekisimu, namba 2290, inasema anayehatarisha maisha yake na ya wengine kwa kupenda mwendo kasi ana hatia kubwa. Haikuongeza "akikamatwa". Paulo naye aliwaambia Warumi (13:5) watii kwa ajili ya dhamiri pia, siyo kwa kuogopa adhabu peke yake.

Basi ndugu yangu, dereva akikimbiza gari usimshangilie. Mwambie kwa heshima: "Kaka, punguza mwendo, tufike salama." Na ukishika usukani mwenyewe, jiulize: pasipo na tochi, nani ananizuia?

Mtakatifu Kristofa, utuombee.