Filamu Hizi Zifike Chanika

Katika vibanda umiza vya Chanika, yale majumba madogo ya video ya mtaani, sinema ya Kihindi au ya Kichina huwekewa sauti ya mtafsiri, na watoto hucheka kwa Kiswahili. Navipenda vibanda hivyo. Lakini juzi nimetazama Vuta N'kuvute ya Amil Shivji (2021), iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, na bado haijanitoka akilini. Yasmin anaitoroka ndoa aliyopangiwa, Zanzibar ya miaka ya 1950 inafukuta dhidi ya mkoloni, na hatuhitaji mtafsiri. Siti Amina, akiigiza Mwajuma, rafiki wa Yasmin, anaimba, mwili ukanisisimka. Mapenzi ya Yasmin na Denge, kijana mwanamapinduzi, yanakwenda taratibu, pengine mno, ila siyalalamikii.

Nayo Supa Modo ya Likarion Wainaina (2018) ilinitoa machozi: kijiji kizima nchini Kenya kinamtengenezea filamu mtoto wa kike asiyetarajiwa kupona, ili awe shujaa. Hiyo ndiyo ningeanza nayo kibandani, saa nane mchana, watoto wakikaa mbele kabisa. Kwenye matamasha ya filamu, Toronto waliiona Vuta N'kuvute, Berlin wakaiona Supa Modo; sasa ni zamu ya Chanika. Wenye vibanda wazitafute, na wenye filamu wawauzie kwa bei ya mtaani.