Mtoto Asiyejiweza na Mali ya Baba Yake

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya haya:

Ndugu mmoja mwenye mifugo huko Garissa ametuuliza suala ambalo wengi wetu wa pwani tunalo majumbani na hatulitamki. Ana watoto sita. Mmoja wao, kijana wa miaka 17, hawezi kuhesabu fedha wala kwenda sokoni peke yake. Ukame wa tangu mwisho wa 2020 hadi mwanzo wa 2023, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, ulimmalizia sehemu kubwa ya ng'ombe wake. Sasa auliza: je, amwandikie kijana huyu wasia wa kila kilichobaki?

Twamjibu: nia ni njema, njia siyo. Mtume (S.A.W.) amekataza wasia kwa mrithi, na kijana huyu ni mrithi. Wasia huo haupiti ila warithi wenziwe wakiridhia baada ya baba kufa.

Wengine husema, "Mwachie Mungu, ndugu zake watamlisha." Hapa ndipo watu wanapoghafilika. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, masurufu ya jamaa huwalazimu wazazi kwa wana na wana kwa wazazi, kwenda juu na kushuka chini. Ndugu kumlisha nduguye ni wema na ni kuunga jamaa, lakini si deni. Basi wazazi na mababu wakiisha kufa, kijana huyu hana wa kumdai chakula chake mbele ya Kadhi. Na huko si kutawakali; Mtume alimwamrisha mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo ategemee.

Basi yapasa kutenda mambo matatu, naye yu hai.

La kwanza, atenge mali. Asiiache yote katika mifugo, kwani ukame hauchagui. Auze baadhi katika soko la Garissa, ajenge vyumba vya kupangisha, aviweke wakfu: kodi imlishe kijana maisha yake, na baada yake iwe ya masikini. Kuwasawazisha watoto katika kuwapa ndiyo sunna, lakini wako wanazuoni walioruhusu kumzidishia mmoja kwa haja, kama maradhi au upofu. Awaite watoto wote awaeleze, wasije wakaona wamedhulumiwa.

La pili, amweke wasii. Katika Sura ya Nisaa Mwenyezi Mungu ametukataza kuwakabidhi mali wasioweza kuiendesha, akatuamrisha tuwalishe na tuwavishe kwayo na tuseme nao kwa wema. Mama akiweza, ndiye bora. Na atajwe mwaminifu wa kumfuata. Yaandikwe, yashuhudiwe, na Kadhi aarifiwe, kwani kwa Katiba ya 2010 mirathi ya Waislamu huamuliwa katika mahakama yake.

La tatu, asimfiche. Serikali, kwa mpango wa Inua Jamii, huzipa nyumba zilizokubaliwa zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni kidogo, lakini ni haki. Na mtoto aliyefungiwa chumbani haandikishwi. Wangapi wamemficha mwana kwa haya, kisha wakampa mganga wa kutoa pepo fedha ambazo zingemjengea mwana huyo chumba! Mganga amekula, na mtoto yu vile vile.

Ndugu zetu, mtoto huyu hatatushitaki duniani, kwa kuwa hawezi. Hilo ndilo la kututisha, kwani Mola wake hakughafilika naye.

Mwenyezi Mungu atupe kutenda kabla ya ajali kutufikia. Amin.