Fedha ya Miti na Mikono Yetu

Ndugu zangu, fedha ya ruzuku ina mitihani yake. Haikutokana na jasho letu, na aliyeitoa hayupo kijijini kutuangalia. Ndiyo maana mtu asiyethubutu kugusa mchango wa msiba hasiti kuchovya mkono katika fedha ya kupanda miti. Lakini iwe imetoka Mfuko wa Misitu Tanzania au kwa wafadhili wa ng'ambo, fedha hiyo iliombwa kwa jina letu sote. Ni amana.

Wala si kila kosa ni wizi. Tazameni siku ya kupanda: fulana zimegawiwa, mgeni rasmi amefika, picha zimepigwa. Jua linawaka na vuli imeshakatika, lakini fedha inatakiwa iishe kabla mradi haujafungwa, basi tunapanda. Miezi michache baadaye ukiung'oa mche uliokauka, unakuta kiriba cha plastiki bado kimebana mizizi. Aliyeupanda aliwahi posho. Kisha tunaandika ripoti kwamba miche elfu kadhaa imepandwa, nayo ni kweli. Mingapi imeshika, tunanyamaza. Nia ya ukimya huo tunaijua wenyewe.

Sisemi watu wasilipwe. Mama anayeacha shamba lake akachimbe mashimo anastahili ujira, na kuupokea si aibu. Aibu ni kusaini kwa niaba ya jirani ambaye siku ile alikuwa mnadani.

Wangari Maathai aliliona mapema jambo hili la ujira. Katika harakati ya Green Belt aliyoianzisha Kenya mwaka 1977, wanawake walipewa senti chache kwa kila mche uliopona. Malipo yalifuata uhai wa mche, na hivyo kumwagilia na kuzuia mbuzi vikawa sehemu ya kazi.

Shinyanga nako kuna la kujifunza, pengine kubwa zaidi. Mradi wa kuhifadhi ardhi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulipata msaada wa nje, lakini nguvu yake ilikuwa ngitili: maeneo ya malisho ambayo Wasukuma walizoea kuyatenga na kuyapumzisha hadi kiangazi. Wananchi waliyarudishia hadhi, wakayalinda kwa sheria ndogo za vijiji, na sehemu kubwa ya miti ikachipua yenyewe kutoka kwenye visiki na mizizi iliyokuwa ardhini. Kisiki kinachochipua hakimvutii mpiga picha, wala hakina zabuni ya miche ambayo kwayo mtu atajipatia chochote. Nadhani ndiyo sababu maandiko yetu ya miradi hukisahau. Mwenye nia njema angeomba fedha ya ulinzi na ya vikao vya kupatana na wafugaji, hata kama kitalu cha shemeji yake kitakosa mteja.

Basi viongozi wa vikundi, ripoti ijayo isomeni kwanza mbele ya wanakijiji, mahali ambapo kila mtu anaujua mlima unaotajwa. Andikeni miche iliyokufa na kilichoiua: mchwa, ukame, mbuzi, au uzembe wetu. Mfadhili akinuna, na anune. Na salio likibaki wakati mvua zimepita, liombeeni muda hadi msimu ujao, msilitafutie semina.