Kizazi Hakifungwi kwa Fundo

Mwanangu, Jumapili ulipokuja ulikaa mkekani ukanisimulia bei ya sukari na harusi ya jirani hadi adhuhuri ikaadhiniwa, ndipo ukatoa karatasi mkobani. Nikaisoma. Dalali wa safari za matibabu amekuandikia nauli ya ndege ya kwenda India, gharama za hospitali na malazi ya wiki mbili, na juu kabisa kwa herufi kubwa: KUFUNGUA KIZAZI. Ukaniuliza, "Mama mkubwa, kwani kinafunguka?" Sikukujibu. Mumeo alikuwa anakungoja nje na pikipiki, na jibu nililokuwa nalo si la kusemea mlangoni.

Nimefanya ukunga miaka 36, na ni miaka 12 sasa tangu nivue sare. Neno hilo la kufunga kizazi nimelitamka maisha yangu yote ya kazi, na siku hizi naamini limewapoteza wengi. Kizazi hakifungwi. Ule mfuko anaolala mtoto huachwa kama ulivyo, ndiyo maana wewe, hata baada ya kufungwa, hukuacha kuona siku zako. Kinachoguswa ni mirija miwili, mmoja kila upande, yenye urefu wa sentimita kumi hivi, na mahali pengine tundu lake halipitishi hata njiti ya kiberiti. Humo ndimo yai na mbegu hukutana. Na mrija haufungwi kama mdomo wa gunia. Hutiwa uzi, ukakatwa na kipande kikatolewa. Au hubanwa kwa pete ya mpira, au kwa klipu. Au huchomwa kwa umeme. Siku hizi wapo madaktari wanaouondoa wote, kwa kuwa imegundulika kwamba saratani nyingi za ovari huanzia kwenye mrija. Lakini sisi tulisema "kufunga", na Mswahili akisikia kufunga anajua kuna kufungua. Kanga hufungwa ikafunguliwa. Mlango hufungwa ukafunguliwa. Hata saumu hufungwa alfajiri, magharibi ikafunguliwa.

Nina deni katika neno hili, na sijawahi kulisema mbele ya ndugu. Mwaka 1988 alikuja mama wa watoto wanne, ana umri wa miaka 26, amechoka. Nilikuwa najaza fomu yake. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada nesi, na nikitaka tena?" Foleni ilikuwa imefika kwenye mwembe wa uani. Nikamjibu bila kuinua uso, "Usiwe na shaka, kilichofungwa hufunguliwa." Akaweka dole gumba lake kwenye karatasi. Baada ya miaka sita alirudi. Surua ilikuwa imemchukulia watoto wawili katika mwezi mmoja. Hakuja kwa daktari, alikuja kwangu, akaniambia, "Dada, nimekuja unifungulie." Wakati ule kulikuwa na madaktari London na Kanada ambao tangu miaka ya 1970 walikuwa wanaunganisha mirija kwa kuitazama kwenye darubini. Kwa yule mama hilo lilikuwa sawa na habari za mwezini. Nilimketisha, nikamweleza kilichofanyika mwilini mwake, miaka sita baada ya siku niliyopaswa kumweleza. Hakulia wala hakunigombeza. Alinyanyuka, akajifunga kanga yake upya, akaniaga kwa adabu. Adabu ile ndiyo iliyonikaa moyoni mpaka leo, na ndiyo sababu nakuandikia kwa urefu hivi.

Haya, jibu lako. Mirija iliyokatwa inaweza kuungwa. Mgonjwa hulazwa usingizi kwa nusukaputi, daktari bingwa akafungua tumbo chini karibu na kinena au akaingia kwa vitundu vidogo, akazichonga ncha mbili zilizoota kovu mpaka afikie nyama hai, kisha akazishona kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Baadaye hupitisha maji ya rangi ya buluu kuona kama njia imezibuka. Ni kazi ya saa mbili au tatu, na ni kazi ya mkono uliozoea. Usimkubalie daktari kwa kuwa ana ofisi nzuri; muulize ameshafanya ngapi, na wangapi kati ya hao wamebeba mtoto mikononi. Hilo la pili ndilo swali. Mrija kupitisha rangi si sawa na mtoto kulia.

Mikononi mwa mabingwa, wanawake walio chini ya miaka 35 hupata mimba saba hivi katika kila kumi, wakati mwingine zaidi. Wakishavuka 40 hushuka hadi watatu au wanne. Wewe una 36. Upo kati, na yai halingojei dalali apate ndege ya bei nafuu. Hapo wakati unakudai kweli, na sitakuficha.

Lakini kabla ya umri kuna kitu ambacho karatasi ya dalali haikuuliza hata kidogo: ulifungwaje? Pete au klipu huharibu sehemu fupi, mrija ukabaki mrefu, na mshonaji akawa na kitambaa cha kutosha. Umeme huunguza mbali zaidi ya unapoonekana kugusa. Mrija uliobaki na sentimita nne au zaidi una tumaini kuliko kibutu. Ukikatwa ile ncha yenye vidole inayodaka yai, matumaini ni madogo sana. Na ukiondolewa mrija wote hakuna cha kuunga, hata upande ndege kwenda wapi. Majibu hayo yako kwenye faili la upasuaji wako. Si kwenye kadi ya kliniki, mwanangu. Ni ile ripoti aliyoandika daktari alipotoka chumba cha upasuaji. Nawajua wanawake waliouza kiwanja kwa ajili ya safari, wakafunguliwa tumbo, wakafungwa tena vilevile kwa sababu hakukuwa na kitu cha kushona.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya ninyamaze. Ulifungwa kwa nini? Watu wa nyumbani wanasema ulifungwa kwa kuwa ndoa ya kwanza ilikuwa imekuchosha. Mimi nilikuwepo. Ulikuwa na miaka 28, ndio kwanza umezaa kwa kisu mara ya tatu, na daktari alisema ukuta wa kizazi chako palipo kovu umekuwa mwembamba. Kuunga mirija hakuondoi kovu lile. Mimba inayofuata inaweza kupanda kondo juu ya kovu, likajichimbia, likakataa kutoka, na hatari hiyo hupanda kila unapoongezwa kisu. Kovu lenyewe linaweza kuachia uchungu ukianza. Sisemi haiwezekani, nimewapokea wanawake waliopasuliwa mara nne wakaenda nyumbani na watoto wao. Nasema swali la kwanza la kumpelekea bingwa si "mirija yangu itaungika?" bali "kizazi changu kitabeba?" Akisema hapana, maswali mengine yote tunayaweka chini.

Na mumeo apimwe. Najua atanuna. Mwambie mama mkubwa ndiye aliyesema, anunie mimi. Ana mtoto wa miaka 11 kwa mke wa kwanza, sawa, lakini miaka 11 ni mingi na mbegu hubadilika. Kipimo chake ni cha kikombe, asubuhi moja. Chako ni cha kisu. Hakuna haki ya kuanza na cha kisu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na walikuwa hawasemi wanawake peke yao.

Ipo njia nyingine, kupandikiza mimba, ambapo yai hukutanishwa na mbegu nje ya mwili kisha likarudishwa kizazini. Mtoto wa kwanza wa namna hiyo, Louise Brown, alizaliwa Uingereza mwaka 1978, na mama yake alikuwa mwenye mirija iliyoziba. Yaani njia hii ilianza kwa ajili ya wenye shida kama yako. Haihitaji mirija kabisa, na sasa inapatikana Dar es Salaam na Nairobi. Gharama yake ni kubwa, na ukikosa mara ya kwanza unalipa tena. Mirija ikiungika, kila mwezi ni jaribio jipya bila malipo, na unaweza kuzaa zaidi ya mmoja. Ila hapo utahitaji uzazi wa mpango upya, jambo ambalo wengi hulisahau. Mbegu za mumeo zikiwa dhaifu, au mirija ikiwa mifupi, au umri ukisonga, upandikizaji hushinda. Kama ni dini inayokutia wasiwasi, masheikh wengi wanaruhusu yai likiwa la mke na mbegu za mume wake, nao wakiwa katika ndoa. Kovu, hata hivyo, linabaki palepale kwa njia zote mbili.

Ukiungwa, kuna jambo moja nataka ulishike kuliko yote. Mrija ulioshonwa una kona yake, na mimba yaweza kukwama humo ikatunga nje ya kizazi. Kwa wanawake kwa jumla hutokea katika mimba moja au mbili kwa kila 100. Kwa waliounga mirija huweza kufika hata kumi. Mrija ukipasuka damu hujaa tumboni, na mtu anaweza kufa kabla jua halijazama. Kwa hiyo siku zako zikichelewa, hata kwa juma moja, pima. Ukiwa na mimba, nenda upigwe altrasaundi mapema, wiki ya sita, usingoje tumbo lionekane. Ukiumwa chini ya kitovu upande mmoja, ukiona matone, ukisikia kizunguzungu au bega linauma bila kubeba mzigo, usimeze dawa ya maumivu ukalala. Panda gari uende hospitali, na mlangoni sema kwa sauti: niliunga mirija.

Yule mama anayeuza dawa za kuzibua mirija pale sokoni, mpite. Hakuna mizizi inayoshona nyama iliyokatwa.

Usione haya kwamba umejuta. Wamarekani waliwafuatilia wanawake waliofungwa kwa miaka 14. Kati ya waliofungwa wakiwa na miaka 30 au chini yake, mmoja katika kila watano alisema amejuta. Kwa waliofungwa baada ya hapo walikuwa sita tu katika 100. Ulikuwa na 28. Uliamua ukiwa umechoka, na kwa maisha uliyokuwa nayo uliamua sawasawa. Maisha yamebadilika. Hilo si kosa la kumlilia mtu.

Ila nataka kujua hili, na unijibu mimi, usimjibu mkweo: mtoto huyu anatakiwa na nani? Uliposema "mume wangu anataka" sauti yako ilikuwa moja. Uliposema "wakwe wanauliza" ilikuwa nyingine. Hukusema "mimi". Huenda ulisahau tu. Huenda unamtaka hata unaogopa kumtaja, nami nimeona hilo pia kwa wengi. Lakini tumbo litakalofunguliwa ni lako, na watoto watatu wanaokungoja nyumbani wanamjua mama mmoja. Ukiniambia "mimi namtaka", nitasimama nawe mpaka mwisho, hata jibu likiwa gumu. Ukiniambia humtaki, nitakwenda mwenyewe kuzungumza na wakwe zako, na umri wangu utanisaidia.

Usimlipe dalali chochote bado, hata ya kushika nafasi. Jumanne nitakuwa stendi saa moja asubuhi. Njoo na kitambulisho, na jina ulilotumia wakati ule, maana faili lako litakuwa kwa jina la baba wa watoto. Chumba cha mafaili wanafungua saa mbili, na yule kijana wa pale nilimpokea mimi alipozaliwa.