Mbio Fupi Ndizo Zinazounguza

Agosti mwaka 1978, katika mji wa Falmouth, pwani ya jimbo la Massachusetts nchini Marekani, kijana wa miaka 20 alipewa mpako wa wagonjwa baada ya kukimbia kilomita 11 na ushei. Aliitwa Alberto Salazar, mzaliwa wa Havana, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oregon, na kwa umri wake walikuwa wachache waliomfikia kwa pumzi. Alipopimwa, joto la mwili wake lilikuwa karibu nyuzi 42. Waliokuwa karibu naye waliamini anakufa, ndiyo maana padri akaitwa.

Kisa hiki kina umri wa karibu nusu karne, lakini nakisimulia kwa ajili ya watu wetu wa leo. Miji ya Afrika Mashariki imejaa mbio za kilomita 5 na 10, nyingi zikiwa za hisani, na jambo hilo linanifurahisha. Kinachonitia hofu ni jinsi tunavyozichukulia. Mtu akijiandikisha marathoni hujiandaa miezi, huuliza waliotangulia, huogopa. Akijiandikisha kilomita 10 hununua fulana, akaenda. Falmouth inatuonyesha kwamba kwenye joto, hofu hiyo tumeiweka mahali pasipo pake.

Mbio zile za Falmouth zilianzishwa mwaka 1973 na Tommy Leonard, mhudumu wa baa aliyepagawa na ushindi wa Frank Shorter kwenye marathoni ya Olimpiki ya Munich mwaka uliotangulia. Ziliondokea baa moja Woods Hole na kuishia baa nyingine Falmouth Heights. Wakenya wanazijua vizuri: Stephen Sambu alishinda miaka 4 mfululizo, 2014 hadi 2017. Njia ya mbio hizo ina hila. Kilomita 5 za mwanzo ni vilima vya kupanda na kushuka, zikipita kwenye mnara wa taa wa Nobska, halafu chini ya miti. Kivuli kile humdanganya mkimbiaji ajione ana akiba. Ghafla barabara inatoka wazi kando ya bahari, tambarare, jua la utosi, hewa nzito yenye unyevunyevu. Na mwishoni kabisa, mtu akishachoka, kuna mlima mwingine kabla ya mteremko wa kumalizia.

Siku ile Salazar alimkimbiza Bill Rodgers, ambaye miezi michache kabla alikuwa ameshinda marathoni ya Boston. Kijana alitaka kukaa na mkubwa, na kwa sehemu ya njia alikaa naye. Kisha mwili ukaanza kumkataa. Walimpita mmoja mmoja, akamaliza wa 10, akaanguka. Rodgers alishinda.

Wengi wakisikia habari hii husema hakunywa maji. Hapo ndipo kosa letu lilipo. Safari yote ni kama dakika 35 kwa mtu wa kiwango chake, muda usiotosha kumkausha mtu hadi afikie hali ile. Kilichomuunguza ni kasi yake mwenyewe. Misuli inapofanya kazi, karibu robo tatu ya nguvu inayotumika, au zaidi, hugeuka joto badala ya mwendo. Ukiongeza kasi, unaongeza moto. Mkimbiaji wa kilomita 42 hulazimika kujibana ili afike; wa kilomita 10 hufungulia kila kitu tangu mwanzo, na moto wake ni mkali kuliko wa mwenziwe wa marathoni. Mlima unazidisha, maana ukitaka kupanda kwa kasi ileile ya tambarare, kazi inaongezeka, na ukipunguza mwendo, upepo unaokupoza unapungua nao. Jasho, ambalo ndilo feni yetu, linasaidia likikauka. Kwenye hewa yenye unyevu, jasho linatiririka tu, halikuondolei joto. Salazar mwenyewe alipopimwa na wataalamu kabla ya Olimpiki ya 1984 alionekana akitoa lita 3.7 za jasho kwa saa, kiasi cha kustaajabisha, lakini wingi wa jasho haukuwa umemwokoa.

Kwa hiyo kunywa maji ni vema, ila chupa ya maji haikupi ruhusa ya kukimbia kwa kasi ya siku ya baridi.

Jambo la pili ndilo linalonisumbua zaidi. Ubongo ni miongoni mwa viungo vinavyoathirika mapema mwili unapopitiliza nyuzi 40. Mtu huanza kukosea: anayumba, anajibu ovyo, anakuwa mkali kwa anayemsaidia, anakimbilia upande usio wa njia. Mwingine bado anatoka jasho jingi, kwa hiyo msisubiri ngozi iwe kavu ndipo mshtuke. Mwenyewe hajui kwamba anaharibikiwa. Mara nyingi anajiona anapambana vizuri. Tunawaambia vijana "sikiliza mwili wako", na ni ushauri mzuri wakati wa mazoezi, lakini kwenye joto kali msikilizaji ndiye anayelewa kwanza. Uamuzi wa kupunguza kasi lazima ufanywe kabla ya mbio, ukiwa na akili zako, ukaandikwa hata kiganjani: leo kilomita ya kwanza naikimbia taratibu kwa muda huu, mlima naupanda kwa pumzi, sitamfuata fulani.

Salazar aliponyoka. Madaktari walimpoza kwa barafu, akainuka, na baadaye akashinda marathoni ya New York mara 3 mfululizo, 1980 hadi 1982. Mbio za Falmouth zenyewe alirudi akazishinda. Lakini Aprili 1982, kwenye jua la Boston, alimshinda Dick Beardsley kwa sekunde 2 huku akiwa hakunywa karibu chochote njiani, akaanguka tena, akawekewa lita 6 za maji ya dripu. Nionavyo mimi, kunusurika kule Falmouth kulimfunza kinyume: kwamba mwili wake unastahimili. Hiyo ni hatari inayomfuata kila aliyewahi kuzimia akaamka, na makocha wanapaswa kuwa macho na wachezaji wa namna hiyo kuliko na waoga.

Waandaaji wa Falmouth nao walijifunza, na wao walijifunza vizuri. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliokusanya kumbukumbu za miaka 18 za hema lao la matibabu. Wakimbiaji 274 walikuwa wamepata kiharusi cha joto, hali kama ile ya Salazar, wastani wa joto lao ukiwa nyuzi 41.4. Wote 274 walipona. Siri yao ni beseni kubwa lililojaa maji na barafu pale kwenye mstari wa kumalizia. Mgonjwa anapimwa kwa kipimajoto kinachoingizwa njia ya haja kubwa, kwa kuwa cha kwapani au kinywani hudanganya mtu akitoka kukimbia. Anatumbukizwa hadi shingoni, shuka imepitishwa kwapani ili kichwa kisizame, na kuna mtu wa kukoroga maji muda wote, maana maji yakitulia yale yaliyogusana na ngozi hupata joto. Kwa kasi waliyoipata, mwili hushuka zaidi ya nyuzi 2 kwa dakika 10. Akifika karibu nyuzi 39 anatolewa. Baada ya hapo ndipo mtu anafikiria gari la wagonjwa. Kwanza poza, kisha safirisha.

Sasa linganisha na kwetu. Anayeanguka kwenye mbio zetu anazungukwa na watu, anapepewa kwa kofia, anamwagiwa chupa moja ya maji usoni, kisha anabebwa kwenye gari kupita foleni hadi hospitali. Dakika 30 za mwanzo, ambazo ndizo za uhai, zinaishia barabarani. Na kabla ya hapo tumeshamwongezea hatari sisi wenyewe: mbio zilizotangazwa kuanza saa 12 asubuhi zinaondoka saa 2 kwa sababu mgeni rasmi hajafika. Dar es Salaam au Mombasa, mwezi wa Februari, saa 2 hizo zinatofautiana na saa 12 kama jiko na kivuli. Mgeni rasmi aje, atoe medali mwishoni.

Kwa anayetoka mahali penye baridi, kama Iten iliyo juu mita 2,400, akashuka pwani kushindana, mwili unahitaji siku 10 hadi 14 za mazoezi kwenye joto ili uanze kutoa jasho mapema na kwa wingi. Kushuka Ijumaa kukimbia Jumapili ni kumtegemea Mungu peke yake. Vilevile mwenye homa, aliyeharisha au aliyekesha asikimbie siku hiyo, hata kama namba imeshalipiwa.

Mwandaaji asiyeweza kununua beseni kama la Falmouth bado ana njia. Turubai la kawaida, watu wanne au zaidi wakishika pembe na kingo ziwe juu, mgonjwa katikati, mmoja akimshikilia kichwa, ndoo kadhaa za maji na barafu, na turubai likitikiswa huku na huku ili maji yasitulie. Barafu ipo kila mahali panapouzwa samaki. Waandaaji waiagize usiku wa kuamkia mbio, waifunike kwa magunia, na wawafundishe wahudumu wa mstari wa kumalizia zoezi hilo mara mbili kabla ya siku yenyewe, mmoja wao akilala kwenye turubai kama mgonjwa.