Mzee wa Halmashauri Asinyamaze



Kila ufikapo wakati wa kuchagua viongozi wa walei, matangazo husomwa kanisani, nazo Jumuiya Ndogo Ndogo hukutana. Jumuiya huchagua watu wake, kigango huchagua wake, na mwisho parokia hupata halmashauri yake. Waliochaguliwa husimama mbele ya altare, padre huwabariki, kina mama hupiga vigelegele. Siku hiyo ni njema, wala hatuna neno juu yake. Lakini kazi yenyewe huanza kesho yake, nayo haina vigelegele. Leo twataka kusema juu ya kazi hiyo, na hasa juu ya jambo moja lililo roho yake, yaani kusema kweli katika kikao.

Tutazame upande wa Nkwenda, katika Wilaya ya Kyerwa, ile iliyotengwa na Wilaya ya Karagwe mwaka 2012. Wakatoliki wa huko wamo katika Jimbo la Kayanga, lililozaliwa kutoka Jimbo la Rulenge mwaka 2008. Ni nchi ya migomba na kahawa. Wakristo wa nchi ya namna hiyo hawatoi sadaka zao kwa fedha peke yake. Mmoja huleta mkungu wa ndizi, mwingine debe la maharage, mwingine kuku; vitu hivyo hunadiwa nje ya kanisa baada ya Misa, na fedha yake huandikwa. Msimu wa kahawa ukifika, mwenye shamba hutoa sehemu ya alichopata. Kwa njia hiyo kanisa huezekwa, katekista husaidiwa, na mgonjwa asiye na mtu hupata chakula. Mali hii ni jasho la watu. Mjane aliyebeba mkungu kichwani tangu alfajiri anayo haki ya kujua ulikokwenda.

Sasa tuchukue mfano, usiwe wa kigango hiki wala kile, bali mfano tu. Kigango chataka kuezeka kanisa lake. Halmashauri inakutana, na mweka hazina anasoma hesabu. Inatajwa bei ya mabati. Mzee mmoja aliyeketi mwishoni mwa benchi anashtuka, maana wiki iliyopita aliuliza bei hiyo dukani, akaambiwa fedha pungufu. Je, aulize? Anafikiri moyoni: "Nikiuliza, padre atadhani simwamini. Mwenyekiti ni shemeji yangu. Wenzangu wataniita mpinzani." Basi ananyamaza. Kikao kinafungwa kwa sala, naye anaitikia Amina pamoja na wengine.

Lakini mzee yule hanyamazi kabisa. Afikapo njia panda anamwambia jirani. Jioni neno limefika kilabuni, na kabla ya Jumapili limezunguka vilima vyote. Mnada wa Jumapili hiyo hauna wanunuzi, na kapu la sadaka linarudi jepesi. Watu wanasema, "Mali yetu yaliwa." Na kumbe huenda hakuna aliyekula kitu! Huenda ile bei ilikuwa pamoja na misumari na nauli ya lori. Swali moja lililoulizwa kwa adabu ndani ya chumba lingejibiwa kwa dakika tano. Kwa kuwa halikuulizwa, mtu mwaminifu ameitwa mwizi, na kanisa limebaki bila paa.

Na kama fedha ililiwa kweli? Hapo ubaya ni mkubwa zaidi, kwa sababu mwizi amepata mlinzi bila kumlipa. Basi kunyamaza kwa mzee yule hakuna pande mbili. Mambo yakiwa safi, kumemdhuru asiye na hatia. Yakiwa machafu, kumemficha mwenye hatia. Ndiyo maana wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Nasi twaongeza kwamba daftari lisiloulizwa haliko mbali na daftari lisilokuwapo.

Kanisa limelijua jambo hili tangu mwanzo. Kitabu cha Matendo ya Mitume, katika sura ya 6, chatueleza jinsi Wakristo wenye kusema Kiyunani walivyonung'unika kwamba wajane wao walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwakemea walionung'unika, wala hawakusema kwamba mambo ya chakula si ya waumini. Walikusanya watu wote, wakawaambia wachague wanaume saba wenye sifa njema, wakawawekea mikono. Tuone basi kwamba kazi ile ilizaliwa na lalamiko lililofikishwa mahali pake. Lingaliishia visimani, wajane wale wangaliendelea kulala na njaa.

Naye Mtume Paulo, alipochanga fedha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakutaka kuichukua peke yake. Katika sura ya 8 ya Barua yake ya pili kwa Wakorinto aeleza kwamba pamoja na Tito alituma ndugu waliojulikana, na mmoja wao alichaguliwa na makanisa yenyewe, ili pasiwepo mtu wa kulaumu. Alitaka mambo yawe mema mbele ya Mungu na mbele ya watu pia. Ikiwa Mtume mkuu namna hiyo hakuona aibu kuwa na mashahidi wa fedha, ni nani kati yetu atakayeona aibu?

Pengine msomaji atasema, "Halmashauri yetu haina nguvu. Paroko ndiye mwenye neno la mwisho." Maneno hayo yana kweli ndani yake, na yafaa tuyapime. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 536, yasema kwamba halmashauri ya kichungaji ya parokia huongozwa na paroko, na sauti yake ni ya kushauri tu. Kanuni ya 537 yaagiza kila parokia iwe na baraza la fedha, ambamo waamini humsaidia paroko kutunza mali, nalo pia ni la kumsaidia, si la kumtawala.

Wenzetu wengine wana desturi tofauti. Katika Kanisa la Kiepiskopali la Marekani, ambalo ni la ushirika mmoja na Waanglikana tunaoishi nao hapa Kagera, kila parokia ina kamati ya walei iliyopata jina lake kutokana na chumba cha kuvalia mavazi ya ibada, kwa kuwa zamani huko Uingereza Wakristo walikutana humo kuzungumza mambo ya parokia yao. Wajumbe wake huchaguliwa katika mkutano wa mwaka. Fedha na majengo yamo mikononi mwao kisheria, na padre wa parokia akiondoka, wao ndio wanaomtafuta na kumchagua mwingine, askofu akishirikishwa. Kura yao hufunga. Ya kwetu haifungi.

Je, kwa sababu hiyo kazi ya mlei wetu ni ndogo? Sisi twaona kinyume chake. Mtu aliyepewa kura, hata asiposema neno, aweza kuinua mkono, na mkono wake ukahesabiwa. Lakini aliyepewa ushauri hana kitu kingine cha kutoa ila ukweli wake. Akinyamaza, ametoa nini? Hakutoa kitu. Kiti chake kilikuwa kitupu, ingawa yeye alikuwa amekikalia. Paroko aliyetaka macho manne amebaki na mawili yake, tena ataambiwa baadaye kwamba mambo yaliamuliwa na halmashauri nzima. Ushauri basi ni kazi nzito kuliko kura, kwa maana wategemea moyo wa mtu.

Hilo si wazo letu tu. Kanuni ya 212 yasema kwamba waamini, kwa kadiri ya elimu na cheo chao, wanayo haki, na pengine ni wajibu wao, kuwaeleza wachungaji maoni yao juu ya mema ya Kanisa, kwa heshima na kwa kuangalia faida ya wote. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikwisha kufundisha hivyo mwaka 1964. Na kanuni ya 1287 yataka waamini wapewe hesabu ya mali waliyoitoa, kwa taratibu zilizowekwa na sheria za mahali. Kusoma hesabu mbele ya watu si hisani ya padre, wala si matokeo ya fitina ya walei. Ni sheria ya Mama Kanisa.

Tena hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa mshauri mwema. Kutoka Kyerwa mpaka Uganda ni kuvuka mpaka tu. Mwaka 1882 mapadre wamisionari waliondoka Buganda, wasirudi mpaka mwaka 1885. Miaka yote hiyo Wakristo hawakuwa na padre. Walei ndio waliofundisha dini, waliokusanya watu kwa sala, waliowabatiza waliokuwa katika hatari ya kufa. Mmoja wa viongozi hao alikuwa Yosefu Mukasa Balikuddembe, msimamizi katika jumba la Kabaka Mwanga. Mwezi wa Oktoba mwaka 1885, James Hannington, askofu wa Kianglikana, aliuawa huko Busoga kwa amri ya Kabaka. Mukasa alikuwa Mkatoliki. Askofu yule hakuwa wa dhehebu lake. Angeweza kusema, "Hayanihusu." Lakini alimwendea Kabaka akamwambia wazi kwamba amefanya vibaya kumwua mtu bila kumpa nafasi ya kujitetea. Hakuwa na kura mbele ya Kabaka, wala jeshi. Alikuwa na ushauri tu, naye aliutoa. Tarehe 15 Novemba mwaka huohuo aliuawa, akawa wa kwanza wa Mashahidi wakatoliki wa Uganda, waliotangazwa watakatifu na Baba Mtakatifu Paulo wa Sita mwaka 1964.

Enyi wazee wa halmashauri, hakuna atakayewakata kichwa kwa kuuliza bei ya mabati! Mtakachopata ni uso uliokunjwa, au baridi ya wiki mbili kati yenu na shemeji. Huo ni msalaba mdogo. Tuubebe.

Lakini kusema kweli kuna adabu yake. Kwanza, useme ndani ya kikao, mbele ya anayehusika, si njiani wala kilabuni. Pili, useme ulilolijua, si ulilolisikia. Uje na bei uliyoiuliza mwenyewe, si na minong'ono. Tatu, uulize kabla ya kuhukumu, kwa maana maswali mengi yana majibu mema. Nne, jambo likiisha kuamuliwa kwa haki, ulifuate hata kama ushauri wako haukukubaliwa, usiende kujenga kambi yako. Na kama kuna dhuluma iliyo wazi isiyotaka kusikilizwa, mlango wa Askofu upo; upelekwe ukweli huko kwa heshima, bila barua zisizo na jina.

Kwa ndugu zetu mapadre twasema hivi. Mzee auulizaye mkeka wa hesabu si adui yako. Adui ni yule akuitikiaye "Ndiyo, Padre" katika kila jambo, kisha akatoka akicheka. Ukimkaripia mmoja anayeuliza, umewafunga midomo ishirini, na siku utakapoelekea shimoni hakuna atakayekuambia. Hesabu zisomwe mapema, zibandikwe mlangoni mwa kanisa, na aliyeuliza ashukuriwe hadharani, ili wengine wajifunze.

Nanyi familia za Kikristo, mnaochagua, msimchague mtu kwa sababu ana gari au ana sauti kubwa. Tazameni nyumba yake, na jinsi anavyolipa madeni yake, na kama watoto wake husema kweli. Wachagueni na kina mama, kwa maana wao ndio wabebao sadaka nyingi, nao hujua bei ya kila kitu sokoni. Tena, mkiisha kumchagua mtu msimwache peke yake. Akisema kweli akachukiwa, mwendeeni, mkae naye, mmtie moyo.

Kikao kijacho cha halmashauri hakiko mbali. Atakayeketi mwishoni mwa benchi amkumbuke yule mjane na mkungu wake wa ndizi, na njia aliyoitembea tangu alfajiri. Yeye hayumo chumbani, hawezi kuuliza. Amemtuma mzee amwulizie. Bwana wetu Yesu Kristo, aliyesema kwamba Yeye ndiye Ukweli, awape wazee wetu ulimi wa upole na moyo usioogopa, na Mtakatifu Yosefu Mukasa awaombee.